Mzigo Ufike na Punda Asife
Kutambua na kutoa taarifa za punda asiyetunzwa

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa kata za Biharamulo na Ngara, kwa ajili ya kusomwa katika mikutano ya vijiji na vitongoji.



Wahenga walisema, "Afe punda, mzigo ufike." Methali hiyo ilikusudiwa kumpa moyo mtu aliyekwisha kuanza safari, asirudi nyuma kabla ya kutimiza jambo lake. Hata hivyo, ikichukuliwa jinsi ilivyo, hesabu yake haikamiliki. Punda akifa njiani, mzigo wa leo huenda ukafikishwa kwa mabega ya watu. Lakini maji ya kesho, kuni za keshokutwa na mahindi ya mavuno yajayo hayatakuwa na wa kuyabeba, isipokuwa mama na watoto wa nyumba ile ile. Mazungumzo haya yanahusu mzigo huo wa kesho, na jirani anayeweza kuuokoa kwa kusema mapema alichokiona.

Farasi ni wachache mno katika sehemu hizi za Kagera, na punda nao si wengi kama walivyo Shinyanga, Singida au Manyara. Kwa miaka mingi mbung'o wa mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ambayo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, aliwatisha wafugaji wa kila aina ya mnyama. Pamoja na hayo, punda anaonekana akivuta mkokoteni wa maji, akipeleka gunia mashineni, akirudi na kuni. Katika kaya nyingi yeye ni mgeni kuliko ng'ombe au mbuzi. Babu aliyemfundisha mjukuu kutambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama pua hakumfundisha kumsoma punda. Pengo hilo la ujuzi ndilo chanzo cha mateso mengi, kuliko ukatili wa makusudi.

Maana ya kutelekezwa

Mnyama aliyetelekezwa si yule peke yake aliyefukuzwa au kuachwa kando ya barabara kuu ya Lusahunga na Rusumo baada ya kuzeeka. Ni yule pia anayelala zizini kwa mwenyewe kila usiku, ilhali hapati chakula cha kumtosha, maji, kivuli, mapumziko wala matibabu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia, na inamwekea wajibu mmiliki pamoja na mtu yeyote aliyekabidhiwa mnyama huyo. Misingi yake ni mambo matano yanayokubalika duniani, ambayo mizizi yake ni ripoti ya kamati ya Profesa Brambell iliyotolewa Uingereza mwaka 1965: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, apate nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi katika hofu na mfadhaiko. Mwananchi akiyakumbuka matano hayo, anakuwa na kipimo cha kutazamia mnyama yeyote, awe punda, maksai au mbwa wa lindo.

Punda hulificha umivu lake

Jambo la kwanza ambalo kila mkazi anapaswa kulijua ni kwamba punda haoneshi maumivu upesi. Asili yake ni maeneo makavu ya kaskazini mashariki mwa Afrika, alikofugwa na binadamu yapata miaka 7,000 iliyopita. Huko, mnyama aliyeonekana dhaifu ndiye aliyeliwa kwanza na wanyama wakali. Kwa hiyo punda huvumilia, akasimama kimya, akaendelea na kazi. Watu humwona wakasema, "Huyu ni mkaidi," au "Huyu ni mvivu," kumbe ni mgonjwa. Anayengoja punda apige kelele ndipo aamini kuwa anaumwa, atakuwa amechelewa.

Kwa sababu hiyo dalili zake ni ndogo, nazo huonekana zaidi na mtu anayempita kila siku: jirani, mwanafunzi aendaye shule, mama anayeteka maji kisima kimoja na mwenye punda. Kichwa kimeshuka na masikio yamelegea kwa muda mrefu. Amejitenga na wenzake. Anaegemea mguu mmoja, au anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Amepewa majani lakini hayagusi. Dalili hii ya mwisho isidharauliwe kamwe. Punda asipokula, hasa akiwa mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwilini humiminika katika damu na kuyaharibu maini, na katika siku chache anaweza kufa. Siku nzima bila kula inatosha kuwa sababu ya kumwita mtaalamu.

Dalili zinazoonekana kwa macho

Ya kwanza ni mwili. Mbavu zikihesabika kutoka mbali, uti wa mgongo ukisimama kama ukingo wa paa, na mifupa ya nyonga ikichomoza, punda huyo amekonda kupita kiasi. Mwenyewe na apitishe mkono ubavuni, maana manyoya marefu huficha mengi. Hata hivyo, kukonda peke yake si ushahidi wa uzembe. Minyoo, meno mabovu, uzee, na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o huweza kumkondesha punda anayelishwa vizuri.

Ya pili ni vidonda, na mahali kilipo kidonda hueleza chanzo chake. Kidonda cha mgongoni hutokana na mzigo uliowekwa pasipo matandiko laini, ama matandiko yanayobonyea juu ya uti wa mgongo. Kidonda cha chini ya mkia hutokana na kamba inayokata. Kidonda cha kifundoni mwa mguu hutokana na kufungwa kwa kamba ya nailoni. Kidonda cha shingoni mara nyingi hutokana na nira. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila mwenye plau au mkokoteni: nira ya ng'ombe haimfai punda. Ng'ombe husukuma kwa shingo na nundu yake. Punda huvuta kwa kifua. Akivishwa nira ya mbao, ngozi yake nyembamba ya shingo huchubuka, na nguvu yake hupotea bure. Punda huhitaji mkanda mpana na laini wa kifuani, ambao fundi wa kijijini anaweza kuushona kwa turubai au magunia yaliyokunjwa. Makovu ya fimbo, masikio yaliyokatwa na alama za kuchomwa moto navyo vyaeleza habari yake.

Vidonda hivyo havidhuru ngozi tu. Mchubuko mchafu au kwato iliyochomwa na msumari ni mlango wa ugonjwa unaokaza misuli, ambao Kiswahili kinauita pepopunda. Na kwa kweli punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoupata kwa wepisi zaidi.

Ya tatu ni kwato. Kwato isiyopunguzwa hurefuka, ikapinda mbele kama kiatu kilichovaliwa vibaya, na punda akatembea kwa kisigino. Ya nne ni mahali anapolala. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na mvua za vuli na masika za Kagera ni nyingi. Punda aliyefungwa nje usiku kucha mvuani, akisimama katika tope na mavi, hana makazi, hata kama kamba yake imefungwa uani kwa mtu. Kibanda cha miti na nyasi, chenye sakafu kavu, kinamtosha.

Uzito wa mzigo

Punda wengi wa kienyeji waliokomaa huwa na uzito wa kilo 120 hadi 160 hivi. Ushauri wa kawaida ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito huo, yaani kilo 40 hadi 50. Dumu moja la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu mawili, moja kila upande, ni mzigo wa haki. Madumu manne ni kilo 80, na gunia zima la mahindi ni kilo 100: huo si mzigo wa punda mmoja mgongoni, hasa katika milima ya Ngara. Kwenye mkokoteni anaweza kuvuta zaidi, lakini hesabu hubadilika kwa mwinamo wa njia, matope na upepo wa matairi.

Punda asianze kazi nzito kabla ya kutimiza miaka minne hivi. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja. Miezi ya mwisho apunguziwe kazi. Kila siku mnyama mzima huhitaji lita 10 hadi 25 za maji, kwa kadiri ya jua na kazi. Ni aibu mnyama anayewatekea wengine maji akalala na kiu.

Uzito huongezeka zaidi pale punda anapokodishwa. Mwenye punda hupokea fedha yake jioni. Kijana aliyekodi hulipwa kwa kila safari, kwa hiyo hujaza na kukimbiza. Mmoja haoni, mwingine hajali. Sheria haiwaachii mwanya: mwenye mali ana wajibu, na aliyekabidhiwa mali naye ana wajibu. Anayekodisha na aseme mapema idadi ya safari na ya madumu, na jioni amkague mnyama wake kabla ya kuhesabu fedha.

Uchongezi au msaada?

Wapo watakaouliza: je, kumpeleka jirani kwa mtendaji si uchongezi? Swali hilo ni zito, na halistahili kujibiwa kwa wepesi. Watu wa kitongoji kimoja huzikana, hukopeshana chumvi na kusaidiana kuvuna. Hakuna anayetaka kuonekana adui kwa sababu ya mnyama.

Na uchukuliwe mfano wa mjane mwenye punda mmoja, ambaye amekonda kwa kuwa kiangazi kimekausha majani na mama huyo hana nguvu ya kwenda mbali kukata mengine. Jirani akinyamaza kwa huruma, punda atakufa, na mjane atabeba dumu kichwani. Jirani akimwendea kwanza kwa heshima, akamsaidia mzigo mmoja wa majani au mabua, kisha akamjulisha afisa mifugo wa kata, mnyama anaweza kupewa dawa ya minyoo, mama akapata ushauri wa kuhifadhi mabua baada ya mavuno, na mali ya kaya ikapona. Katika mfano huo, aliyenyamaza ndiye aliyemwumiza mjane.

Taarifa ya mapema hukuta tatizo linalotibika kwa ushauri. Taarifa ya kuchelewa hukuta mzoga, ugomvi na pengine mashtaka. Kwa hiyo, palipo na uzembe unaotokana na kutojua au umaskini, neno la kwanza ni la jirani kwa jirani. Isipokuwa pale palipo na kipigo, jeraha kubwa au mwenyewe aliyekwisha kuonywa akakaidi, hapo mazungumzo ya faragha hayatoshi.

Mfano wa kutia moyo upo katika pwani ya Kenya. Katika mji wa kale wa Lamu, vichochoro ni vyembamba na punda ndiye mchukuzi wa mchanga, mawe na vyakula. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lilifungua huko kituo cha kutibu punda. Kituo hicho hutibu, hufundisha, na punda waliotunzwa vizuri hushindanishwa na wenyewe kutuzwa. Fundisho lake kwa kijiji chochote ni dhahiri: mwenye punda akijua kuwa mtaalamu humtibu mnyama kabla ya kumlaumu mtu, humleta mwenyewe bila kuburutwa.

Thamani inayopanda

Ipo sababu nyingine ya kuwa macho wakati huu. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengenezea dawa ya asili nchini China, imewamaliza punda wengi barani Afrika na kuchochea wizi wao. Punda huzaa polepole, hivyo kundi lililochinjwa halirudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022. Desemba ya mwaka huo huo wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili hatima ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliridhia katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Punda aliyeachwa azurure usiku bila mwangalizi ni windo jepesi. Na anayekuta punda wengi wakiswagwa usiku, au mizoga iliyochunwa ngozi porini, atoe taarifa bila kungoja.

Namna ya kutoa taarifa

Taarifa njema hueleza kilichoonekana, wala si kilichodhaniwa. "Fulani ni katili" ni hukumu. "Punda wa rangi ya kijivu, jike, ana kidonda mgongoni upana wa kiganja, kina funza, na leo asubuhi alikuwa amebebeshwa madumu manne" ni taarifa. Kazi ya jirani ni kueleza. Kazi ya kuamua ni ya mtaalamu. Utaratibu ufuatao utawasaidia wananchi:

1. Kutazama vizuri na kukumbuka siku, saa, kitongoji, rangi na jinsia ya mnyama, pamoja na dalili zilizoonekana. Picha ya simu inafaa, mradi isipigwe kwa kuingia uani kwa mtu bila ruhusa.

2. Kuzungumza na mwenyewe kwa staha, iwapo ni salama kufanya hivyo.

3. Kumpelekea taarifa afisa mifugo wa kata. Asipopatikana, taarifa ifikishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au mtendaji wa kata, ili ifike Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya Halmashauri. Mtoa taarifa anaweza kuomba jina lake lisitajwe.

4. Kwa ukatili unaoendelea wakati huo huo, au wizi, kupiga simu polisi kwa namba 112.

5. Kufuatilia. Baada ya siku chache bila hatua kuonekana, mwananchi arudi ofisini na kuuliza; na suala linaloihusu jamii nzima anaweza kuliuliza katika mkutano mkuu wa kijiji.

Yapo pia ya kuepukwa. Mwananchi asimchukue mnyama wa mtu kwa nguvu, asimpige wala kumtukana mwenyewe, na asisambaze picha zake katika makundi ya simu, kwani aibu humfanya mtu amfiche mnyama badala ya kumtibu. Asimdunge dawa asizozijua. Sheria ya Veterinari, Na. 16 ya mwaka 2003, inawatambua watu waliosajiliwa kwa kazi hiyo.

Hali zifuatazo zisingoje kesho: punda aliyelala akashindwa kuinuka, aliyevunjika mguu, mwenye kidonda chenye funza, aliyeshindwa kuzaa, aliyeacha kula, na punda ambaye ghafla amebadilika, anauma watu au vitu, anatoa mate mengi na kushindwa kumeza. Huyu wa mwisho asishikwe na mtu yeyote, maana huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kupatwa na mate yake kwenye mchubuko aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Neno kwa wenye punda na kwa watoto

Mwenye punda hahitaji fedha nyingi ili asishitakiwe na mtu. Dakika chache asubuhi zinatosha: kumtazama machoni, kupitisha mkono mgongoni na kifuani, kuinua kila mguu na kuondoa mawe katika kwato, kumpa maji kabla ya safari. Akiona mchubuko, ampumzishe na kuuosha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, wala asimvishe tena kile kilichomchubua hadi kirekebishwe.

Na kwa kuwa fimbo ya punda mara nyingi imo mkononi mwa mtoto, wazazi na walimu wamfundishe mtoto huyo kwamba punda akigoma, kuna sababu: mzigo umelala upande, kamba inakata, au njia inamtisha. Mtoto ashuke, aitafute sababu hiyo na kuiondoa, ndipo safari iendelee. Asipoiona, na arudi nyumbani kumwita mkubwa. Maji yakichelewa nusu saa, hakuna kaya itakayoangamia.